Wenye Shamba, Wenye Baraza (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye boma la Mikindani, lililojengwa 1895, na kodi ya kibanda ya rupia 3 iliyoanza 1898. Leo tutazame jambo ambalo vitabu vya shule hulipita mbiombio: mabaraza ya kwanza ya kujitawala katika koloni hili la Wajerumani yalizaliwa pamoja na shamba, na mwenye shamba ndiye aliyepata viti.

Si la kwetu peke yetu hilo. Huko Virginia, Marekani, baraza la kwanza la kuchaguliwa lilikutana Jamestown mwezi Julai 1619. Mwezi uliofuata meli ikashusha Waafrika ishirini na ushei. Wenye tumbaku wakajitungia sheria. Walioilima hawakuulizwa neno.

Huku kwetu, Wajerumani waliunda halmashauri za wilaya mwaka 1901. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, na wajumbe wengi walikuwa walowezi na wafanyabiashara wa Kizungu. Zikapewa sehemu ya kodi zijiendeshe. Mwaka uliofuata, Gavana von Götzen alipotaka pamba, halmashauri hizo ndizo zilizotoa mtaji. Kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, akafyekewa shamba katika eneo lake, na wanaume wakalazimishwa kulilima siku 28 kwa mwaka. Mapato yakagawanywa mafungu matatu: moja la halmashauri, moja la jumbe, moja la wakulima. Tazama vizuri hesabu hiyo: jumbe mmoja alipata sawa na kijiji kizima. Katika wilaya ya Dar es Salaam mgao wa mtu mmoja ulikuwa senti 35, na wapo waliokataa kuzipokea. Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba, na vita vya Majimaji vikashuka hadi Masasi, ingawa Wamakonde wengi wa uwandani walijiweka kando.

Pwani ya Lindi na Mikindani ilitawaliwa na mkonge. Vibarua wengi walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakikimbia kazi za shuruti za Mreno. Wenyeji wakawaita Wamawia. Kibarua, au manamba kama alivyoitwa, alipewa kipande, kadi ya siku 30. Siku haikuhesabiwa kwa jua bali kwa mafungu ya majani aliyokata. Asiyetimiza idadi hakuwekewa alama, hata kama amechomwa na miiba tangu alfajiri, na mshahara ulisubiri kadi ijae.

Waingereza walipokuja baada ya Wajerumani, walibadili majina ya vyeo. Mwaka 1926 ulileta mambo mawili kwa mpigo: sheria ya tawala za wenyeji, na Baraza la Kutunga Sheria Dar es Salaam. Katika hilo la pili walowezi na Wahindi walipata viti. Mwafrika hakuingia hadi 1945, alipoteuliwa Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Abdiel Shangali wa Machame. Wa Kusini hakuwemo. Kwenye tawala za wenyeji kulikuwa na kizungumkuti: Mmakonde hakuwa na mtemi. Kila kijiji kilikuwa na mkulungwa wake, yaani mzee wa kijiji, na nasaba ilifuata upande wa mama. Maofisa walihangaika na wakulungwa, kisha wakarudi kwenye dawa ya zamani ya pwani, yaani liwali wa kuteuliwa.

Hivyo mradi wa karanga wa 1947 ulipotua Nachingwea, ukiwa na reli na bandari mpya ya Mtwara, uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa London. Mradi ukafa 1951. Bandari ilifunguliwa 1954, karanga zenyewe zikiwa zimekwisha kuzikwa.

Kura ya Baraza la Kutunga Sheria ikafika 1958 na 1959. Sharti lilikuwa elimu ya darasa la nane, au kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Liwali alipita kwa cheo. Manamba wa mkonge, aliyejaza kadi baada ya kadi, hakuwa na sifa hata moja.

Wiki ijayo: korosho na vyama vya ushirika.