Ulimbo na Kutu katika Tangi la Gari la Kale

Petroli si kimiminika cha aina moja, bali ni mchanganyiko wa mamia ya hidrokaboni, yaani kampaundi za kaboni na hidrojeni, na ndiyo maana hubadilika inapoachwa kwa miaka ndani ya tangi la gari la kale, kwa mfano Peugeot 404, aina iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Sehemu nyepesi huvukiza kwanza. Zinazobaki, hasa olefini, ambazo ni hidrokaboni zenye bondi mbili kati ya atomi za kaboni, huungana na oksijeni ya hewa na kuzaa perioksidi, nazo perioksidi huziunganisha molekuli katika minyororo mirefu, hadi unapopatikana ulimbo wa kahawia unaonuka kama vanishi na kuziba matundu membamba ya kabureta.

Uchafu wa pili ni wa asili tofauti kabisa. Unyevu wa hewa hugeuka matone ya maji kwenye kuta za tangi usiku, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini na kuozesha bati la chuma kwa kutu.

Kosa linaloharibu kazi ya kulisafisha tangi ni kuanza na kutu. Asidi ya kuondolea kutu haiyeyushi ulimbo, wala haipenyi pale ulimbo ulipofunika kutu, kwa hiyo ulimbo ndio unaopaswa kutangulia. Petroli mpya haifui dafu hapa, kwa sababu ulimbo umekwisha kubeba oksijeni na sasa huyeyushwa vizuri zaidi na asetoni au thina ya mafundi rangi, ambayo huachwa ndani kwa saa kadhaa huku tangi likigeuzwageuzwa. Geji ya mafuta hung'olewa kwanza, na tangi huoshwa kwa maji ya sabuni baadaye.

Ndipo huja zamu ya asidi ya sitriki, ile iliyomo katika malimau na ndimu, kwa kiasi cha gramu 50 hadi 100 katika kila lita ya maji. Molekuli zake huzishika ayoni za chuma na kuziondoa kwenye kutu, na kwa kuwa ni asidi dhaifu, haili bati kwa pupa kama ifanyavyo asidi ya betri, ingawa ikiachwa kwa siku nyingi itadhuru hata lehemu ya maungio. Chuma kilichotoka katika asidi huota kutu mpya katika muda wa dakika chache, na hivyo husuuzwa upesi kwa maji yenye magadi, ambayo huua asidi iliyosalia, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto.

Hewa hiyo ya moto isikaribie tangi ambalo bado linanuka. Mvuke wa petroli hulipuka ukifikia takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, kiwango ambacho mabaki machache hukifikisha kwa urahisi, na kwa hiyo tangi tupu ni hatari zaidi kuliko lililojaa, wala kulichomelea kabla ya kuliondoa mvuke wote si ujasiri bali ni upumbavu.

Chembe za kutu huendelea kutoka hata baada ya usafi mzuri, kwa hiyo chujio jipya huwekwa kati ya tangi na pampu, na hubadilishwa mara linapoanza kuwa la kahawia.