Udongo Mwekundu Unaobana Sumu

Mkulima wa viazi wa Lushoto analijua hili bila kufundishwa: anaweka mbolea ya DAP yenye fosfati, mvua inanyesha, na bado majani yanaonyesha njaa. Udongo mwekundu wa Usambara umeibana mbolea. Miamba ya milima hii, iliyopikwa ardhini zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, imeoshwa na mvua mpaka silika ikaondoka, zikabaki oksidi za chuma na alumini. Ndiyo maana Magamba, kwenye milima hiyo hiyo, kuna boksiti, madini ya alumini. Oksidi hizo zikishika fosfati, kuiachia ni kazi.

Sasa usome utafiti wa Gabriel Kassenga na Rubhera Mato uliochapishwa mwaka 2008. Walipima maji ya kunywa kwenye maeneo ya migodi ya Bonde la Ziwa Victoria, ambako dhahabu hulala pamoja na madini yenye sumu ya aseniki. Baadhi ya vyanzo vilizidi mikrogramu 10 za aseniki kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Kisha wakatafuta dawa, na hapo ndipo waliponiteka: walichukua feralsoli, udongo mwekundu wenye oksidi hizo hizo, wakauimarisha, wakaujaribu kama chujio.

Kinachofanya kazi humo ni kile kile kinachomkera mkulima. Kwenye maji yenye oksijeni, aseniki huwa aseneti, pacha wa fosfati kwa umbo na chaji. Chuma hakiwatofautishi, kinamshika anayefika. Lakini fosfati ikizidi majini, inawahi nafasi zote na sumu inapita.

Tena udongo ukikosa hewa, bakteria huziyeyusha oksidi za chuma na aseniki iliyoshikwa huachiwa. Ndivyo ilivyotokea Bangladesh, ambako visima vilivyochimbwa kwa wingi tangu miaka ya 1970, ili kuwaepusha watu na maradhi ya maji machafu, viliwanywesha sumu mamilioni ya watu. Basi chujio likishiba, udongo wake utupwe wapi? Ukifukiwa kwenye tope la bondeni, si tumeirudisha aseniki majini? Na mama wa kijijini atajuaje kwamba limeshiba, ilhali maji yanatoka maangavu vile vile?

Aseniki haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Madoa ya ngozi na saratani huja baada ya miaka mingi. Kijiji kinapokabidhiwa kisima kipya, kiwe cha Geita penye migodi ya dhahabu au cha Lushoto, kidai majibu ya maabara yanayotaja kiwango cha aseniki kabla ya kuchota ndoo ya kwanza.