Waya wa umeme wa redio: unabadilisha sauti au unapunguza mfuko?

Leo tuuangalie ule waya mweusi unaotoka nyuma ya amplifaya kwenda ukutani. Sio wa spika, ni ule wa umeme wenyewe. Huko Marekani na Ulaya kuna kampuni zinauza waya wa aina hiyo, mmoja tu, kwa dola 2,000 na kuendelea. Wanasema ukiuchomeka, besi inakaza, ukungu unaondoka kwenye muziki na sauti ya mwimbaji inasogea mbele. Kijana akisoma sifa hizo mtandaoni anaanza kuweka hela pembeni. Kama dola 2,000 hana, basi hata laki moja ya ule unaofananafana nao. Ngoja kwanza.

Umeme wa ukutani Tanzania ni volti 230 (Kenya wanahesabu 240), na unabadili mwelekeo kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Umeme huo haufiki kwenye spika hata siku moja. Kwenye amplifaya ya kizamani, ile nzito, unaingia kwanza kwenye transfoma inayoushusha, halafu diodi zinaulazimisha uende upande mmoja, kisha unatunzwa kwenye kapasita, yale makopo makubwa unayoyaona ukifungua kifuniko. Kapasita ni kama simtanki juu ya nyumba. Muziki unachota kwenye simtanki, hauchoti kwenye bomba la mtaani. Na waya wako ni mita mbili tu za mwisho za bomba hilo, baada ya nyaya za nguzo kibao na zile zilizofukiwa ukutani ambazo hujui fundi alizifungaje.

Hesabu yake sio ngumu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, urefu mita mbili, kwenda na kurudi una ukinzani wa kama omu 0.09. Amplifaya inayokula wati 200 inavuta chini ya ampea moja. Kwa hiyo unachopoteza njiani hakifiki volti 0.1 kati ya 230. Achana na masikio, hata amplifaya yenyewe haitajua.

Linganisha na saa moja jioni mtaa mzima umewasha pasi, umeme ukashuka hadi volti 180. Hapo transfoma inatoa kidogo, na nguvu ya juu kabisa ya amplifaya inashuka hadi kama asilimia 60 ya ile ya kawaida. Ukifungulia sauti, besi inakwaruza na watu wanalaumu spika. Waya wa dola 2,000 hauongezi hata volti moja hapo. Anayehitaji kitu ni mwenye kununua stabilaiza. (Vifaa vilivyoandikwa volti 100-240 vinajirekebisha vyenyewe, hivyo havina shida hiyo.)

Kuna waliojaribu kwa masikio pia. Mwaka 2004, huko eneo la San Francisco, jarida la mtandaoni la Secrets of Home Theater and High Fidelity liliwaita wapenzi wa muziki, watu wa Bay Area Audiophile Society, wasikilize waya wa Nordost Valhalla wa dola 2,500 na waya wa kawaida bila kujua upi umechomekwa. Majibu yalikuwa 149, sahihi yakawa 73. Yaani asilimia 49, ukirusha shilingi juu unapata hivyo hivyo. Na hawa sio watu waliookotwa barabarani, ni wenye kupenda na kuzoea vitu hivi. Ukijua bei ya waya, sikio linasikia bei. Mimi naamini hivyo.

Sasa msije mkasema waya wa umeme hauhusiki na sauti kabisa. Unahusika, ila sio kwa namna wanayotangaza.

Kuna ule mvumo wa "mmmmm" unaosikika hata muziki ukiwa umezimwa. Mara nyingi unatokea hivi: kompyuta ina waya wa pini tatu, amplifaya nayo ina pini tatu, halafu umeziunganisha kwa waya wa sauti. Vyote viwili vimeshika waya wa ardhi, na ganda la waya wa sauti linaviunganisha tena. Limekuwa duara. Umeme mdogo unazunguka humo mara 50 kwa sekunde, na amplifaya inadhani ni muziki. Kama unatumia laptop, chomoa chaja ibaki kwenye betri. Mvumo ukikata, mchawi wako ndio huyo. Jaribu kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukigoma, tafuta kale katransfoma kadogo ka kutenganisha sauti, kanakaa katikati ya waya wa sauti. Hakana bei kubwa. Na usifunge waya wa umeme na wa sauti pamoja kama kuni, vikilazimika kukutana vikatizane kama msalaba.

Tatizo ni kwamba fundi wengine wana dawa ya haraka: kata pini ya ardhi. Na kweli mvumo unaisha! Lakini siku waya wa moto ukilegea mle ndani ukagusa bodi ya chuma, bodi nzima inakuwa na volti 230, na fyuzi haikatiki kwa sababu njia ya kwenda ardhini haipo tena. Njia unakuwa wewe. Ukiwa umeshika maiki mkononi, mdomo karibu, miguu pekupeku kwenye sakafu ya saruji, hiyo sio shoti ya kucheka nayo. Tafadhali sana, pini ya ardhi iacheni.

Ndugu yake ni ule mchezo wa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Redio yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji waya wa ardhi, sawa, lakini plagi hiyo haikai vizuri. Inacheza, inatoa cheche, spika zinasema kwaru-kwaru, na soketi inaanza kubadilika rangi. Tumia adapta yenye fyuzi.

Ukienda kununua waya, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, soma maandishi kwenye ngozi yake: 3x0.75 au 3G0.75 inatosha kabisa kwa redio ya nyumbani. Beba sumaku ya spika mbovu, iguse katikati ya waya. Ikinata, ndani ni chuma kilichopakwa shaba, rudisha. Isiponata bado inaweza kuwa alumini, kwa hiyo kama ncha iko wazi ikwangue: ikitoka nyeupe sio shaba. Angalia na fyuzi ya plagi. Kwa amplifaya ya wati 200, weka ya ampea 3 au 5. Ile ya 13 itasubiri waya mwembamba uungue kwanza.

Mwenye swali adondoshe hapo chini, aandike na modeli ya amplifaya yake.