Shirati Jazz: Bendi ya Ziwani Iliyojitegemea Kabla London Haijaisikia

Waingereza wakitaja bendi zinazojitegemea, huwa na maana ya vijana wachache wenye magitaa ambao santuri zao hutolewa na kampuni ndogo za watu wanaoujua muziki wenyewe, si na makampuni makubwa ya kimataifa. Mkazi wa Kisumu, Homa Bay au Siaya hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Bendi za namna hiyo zilistawi kando ya Ziwa Victoria tangu miaka ya 1960, na miongoni mwa zilizodumu na kuvuma kuliko zote ni Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani.

Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Nyamagongo, Shirati, upande wa Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya. Wajaluo wa pande hizo mbili walikuwa na lugha moja na ziwa moja, kwa hiyo kijana mwenye gitaa alivuka mpaka bila kupoteza wasikilizaji wake. Nyumbani kwao palikuwa pa dini, na baba yake hakulipenda gitaa hata kidogo. Misiani akaondoka. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa tayari anarekodi nchini Kenya, na baada ya kubadilisha jina la kundi zaidi ya mara moja, likabaki lile la nyumbani kwao: Shirati.

Muziki wenyewe ni benga, na ufundi wake unaeleweka vizuri zaidi ukianzia kwenye nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Mpigaji wa nyatiti huketi chini na kuzidonoa nyuzi nane. Wakati huohuo pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu hugonga mbao za ala hiyo, na njuga za mguuni huitikia. Mtu mmoja anafanya kazi ya watu watatu. Benga ilizigawa kazi hizo: gitaa la solo likachukua midonoo ya juu, noti mojamoja bila kujaza, gitaa la ridhimu likashika mzunguko usiokatika, besi ikaacha kunguruma nyuma na kuanza kukimbia mbele, ikibishana na solo, ngoma zikachukua kazi ya ile pete.

Sikiliza santuri yoyote ya Shirati ya miaka ya 1970 utaona mpangilio huo. Sauti mbili huimba pamoja, moja juu ya nyingine, na kila mstari ukiisha solo huurudia kwa nyuzi, karibu neno kwa neno. Halafu waimbaji hunyamaza, magitaa yakafukuzana, na hapo ndipo watu huinuka vitini. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haikuweza kubeba wimbo mzima upande mmoja, hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili: hadithi upande wa kwanza, dansi upande wa pili.

Santuri hizo ndizo zilizoiweka bendi mjini. Kampuni za kigeni zilikuwepo Nairobi, lakini waliojua nini kitauzwa Kondele mjini Kisumu au Homa Bay walikuwa wafanyabiashara wa hapahapa. Anayejulikana zaidi ni Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia bungeni. Alirekodi bendi nyingi za ziwani na kuzisambaza santuri zao mbali sana, mpaka Zimbabwe muziki wa aina hiyo ukaitwa kwa jina lake, Kanindo. Nembo mojawapo ya santuri zake, Sungura, ikabaki kuwa jina la mtindo mzima wa muziki wa gitaa wa nchi hiyo.

Mfumo huo wa kujitegemea ulikuwa na kasoro kubwa. Mara nyingi vyombo vilikuwa mali ya kiongozi au mfadhili, na wapigaji walilipwa kidogo kidogo, wengine bila jina lao kuandikwa popote. Ndiyo sababu bendi za ziwani zilizaliana kwa kugawanyika. Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilizaa makundi kadhaa yenye majina yanayokaribiana. Shirati iliokoka kwa sababu Misiani alikuwa mtunzi kwanza. Aliimba habari za njaa, mauaji ya kisiasa na ufisadi kwa mafumbo ya wanyama na visa vya Biblia, na watu walisubiri kila wimbo wake mpya kama taarifa. Mafumbo hayo yalimtia korokoroni zaidi ya mara moja, na kuzaliwa kwake Tanzania kukageuzwa kuwa hoja ya kutaka arudishwe kwao.

Mwaka 1987 Shirati Jazz ilizuru Uingereza, na kampuni changa ya World Circuit ikatoa albamu yao, Benga Beat. Mwaka huohuo wenye kampuni ndogo za santuri walikutana katika baa moja ya London kukubaliana jina la pamoja la kuuzia muziki wa mataifa madukani. Kufikia hapo Shirati ilikuwa imeshaimba miaka ishirini hivi kwa wasikilizaji wake. London iliwaongezea sifa. Bendi ilikuwa imeshajengwa na Kisumu na miji ya ziwani.

Kilichowaumiza ni kaseti. Nakala za wizi ziliua soko la santuri, na mapato yakabaki ya kumbi na matanga. Misiani aliendelea kupiga mpaka alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006.

Mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi ilitoa filamu na kijitabu kuhusu historia ya benga, kazi ya kupongezwa, lakini studio moja haiwezi kufika kila nyumba. Kama kwenu kuna santuri za zamani, usiziuze kwa uzani wala kuziacha juani. Piga picha nembo zake, tafuta mtu wa kuzihamishia kwenye kompyuta, kisha uwaulize wazee ni nani aliyepiga ridhimu na nani aliyepiga besi. Yaandike majina hayo leo, wakati wanaoyakumbuka wangali hai.