Boma la Mzigua: Kuingia si ruksa!

Ukifika Kwedizinga, Handeni, usitafute minara ya mawe. Ngome za Wazigua karne ya 19 zilikuwa vijiji vilivyojificha kichakani: magogo, miiba, mlango mwembamba. Utani hapo haukuwepo! Zama za biashara ya watumwa, kijiji kisicho na boma kilikuwa halali ya wenye bunduki.

Burton na Speke, waliopanda bonde la Pangani mwaka 1857, walikuta Wazigua nao wana bunduki.

Uingereza, baada ya 1066, Wanormani walirundika vilima vya udongo, juu wakazungushia magogo. Magogo yalioza, vilima vingi vipo. Kwetu mchwa amemaliza, limebaki jina: Kwediboma, kule Kilindi. Basi kijana, muulize babu lilipokuwa boma lenu. Akiondoka, imekula kwako!