MPIGA GITAA NAYE NI MFANYAKAZI

Mchimbaji wa dhahabu wa Mkwajuni atokapo shimoni jioni, mwili umechoka na vumbi limemjaa, haki yake si ujira na chakula tu. Ana haki ya kufurahi vilevile. Lakini yafaa tuulize: huyo amfurahishaye naye hupata nini?

Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ni mji uliozoea wageni. Dhahabu ya Lupa imevuta watu wa makabila mengi tangu miaka ya 1920, na kila mmoja huja na ngoma ya kwao moyoni. Penye watu wa namna hiyo, tangazo kwamba bendi au kikundi cha ngoma kitapiga Jumamosi ni habari njema kwa wote. Hata hivyo, wako wanaotafuta kila hila ili waingie bure. Wako pia wenye kumbi wasemao kwamba spika moja na nyimbo za zilipendwa zilizorekodiwa zatosha.

Sisi hatukubali. Spika haina watoto wa kusomesha. Mpiga gitaa anao.

Wafanyakazi wa nchi hii walikwisha kulijibu jambo hili zamani. Mwaka 1964 chama chao, NUTA, kiliunda bendi ya Nuta Jazz. Wanamuziki wake hawakuwa vibarua wa kungojea hisani ya walevi. Waliajiriwa na chama, wakapokea mshahara kama waajiriwa wengine. Matunda yake yakaonekana. Bendi hiyo iliendelea kuishi hata chama kilipobadilika, ikaitwa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Bendi nyingi zilizoanza bila msingi wa namna hiyo zilikufa mapema, zikabaki jina tu.

Ngoma za asili nazo zina madai yao. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, alisikitika kwamba wengi wetu tulijua rumba na chachacha, lakini gombe sugu na mangala hatukuzijua. Akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Basi ni aibu kwetu, miaka mingi baadaye, kuwaita wacheza ngoma wawapokee viongozi juani tangu asubuhi, kisha kuwalipa soda na makofi. Wenye kufanya hivyo tumo hata sisi wanachama.

Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu wa Mkwajuni mambo matatu. Mwenye ukumbi apatane na wapigaji kabla ya siku ya dansi, na mapato ya mlangoni yahesabiwe mbele ya macho yao. Anayekialika kikundi cha ngoma kwenye sherehe aandike malipo yao katika bajeti, kama aandikavyo ya turubai na viti. Nasi wasikilizaji tulipe kiingilio bila kununa, maana mfanyakazi anayedai ujira wa haki kwa mwajiri hawezi kumnyima mfanyakazi mwenzake mlangoni.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tuwatunze wangali wanacheza. Rambirambi hazilipi deni.