Asilimia 10 ya MMF si Yote Yako, Buda

Umeona MMF imeandika inalipa asilimia 10 kwa mwaka, ukasema hapa ndio kuomoka? Tulia kiasi, tupige hesabu.

Ukiweka ngiri 100, mwaka ukiisha riba ni kama 10,000. KRA inakata asilimia 15 ya hiyo riba, yaani 1,500. Unabaki na 8,500. Kabla utume doo, cheki kama mfuko una leseni ya CMA, na uulize ada ya meneja ni ngapi.

Sasa skia ya uzeeni. Doo unayoweka kwa pensheni iliyosajiliwa na RBA haikatwi PAYE, bora isipite 30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwa ndani. Tuseme unalipwa 60,000 na unaweka 5,000. Hapo juu PAYE ni asilimia 30, kwa hivyo kodi inashuka 1,500. Mfukoni umetoa 3,500 pekee.

Lakini hiyo imefungwa, huitoi hivi hivi ukisota. Basi MMF iwe ya dharura, pensheni iwe ya uzee. Ukifika miaka 65, mwenye nyumba bado atataka rent, na watoi wako watakuwa na msoto wao.